Mzee Aanze, Mzee Amalize

Ng'ombe aliyenivunja mguu aliitwa Karani. Mjomba wangu Luhende alimpa jina hilo kwa sababu alikuwa anatembea kichwa juu kama karani wa mizani siku ya kununua pamba, watu wote wanamngoja na yeye hana haraka. Dume kubwa, rangi ya majivu, nundu imelala upande. Tulikuwa tunampeleka Sengerema pamoja na wenzake kwa mahari ya binamu yangu. Tulipofika Kigongo kivuko kilikuwa tayari, ng'ombe wengine wakapanda, Karani akagoma. Aliweka miguu ya mbele kwenye bati la kupandia, akasikia linavyolia chini yake, akarudi nyuma. Watu wa kivuko wakaanza kelele. Mmoja akaja na fimbo.

Mjomba akamzuia. Akamwendea Karani mwenyewe, akaweka kiganja chini ya nundu, akaanza kumtukana. "Mchawi mkubwa wewe. Mwana wa fisi. Mama yako aliliwa na kupe na wewe utaliwa na kupe, halafu uende ukanuke kwenye arusi ya watu. Twende, mwizi wewe." Yote hayo kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto, na mkono unapapasa, unapapasa. Masikio ya ng'ombe yakalegea. Akapanda.

Nikacheka. Nikamwuliza mjomba inakuwaje anamtukana hivyo na ng'ombe anakwenda. Akasema, "Ng'ombe hajui tusi, mpwa wangu. Anajua mkono."

Tulipofika ng'ambo, Busisi, yule wa fimbo akaona tunachelewa kushuka. Akampiga Karani kiunoni. Karani akaruka, akanibana kwenye chuma cha ubavuni, na mguu wangu ukalia kama kuni kavu. Mahari ilifika, mimi sikufika.

Najua vijana mliniomba niandike habari za kutunza wazee, si habari za ng'ombe. Ngojeni, tunafika. Mimi sikusoma. Nilijifunza kuandika ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, jioni, na sisi tulioshika jembe tulishika kalamu vilevile, kwa ngumi. Kwa hiyo nikianza jambo siwezi kulikatisha katikati, nitapotea.

Basi, aliyenifunga mguu alikuwa dresa wa zahanati. Dresa, siku hizo, ni mtu wa kusafisha vidonda na kuvifunga. Daktari ulikuwa humwoni ila kwa bahati, dresa alikuwa hapohapo. Nililala mgongo kwake mpaka mavuno yakapita. Mguu ukapona lakini umepinda, na mtu wa mguu uliopinda hawezi kupalilia pamba. Nikakaa nyumbani kama kinu kilichopasuka, kipo lakini hakitwangi. Ikawa miaka. Nikaoa hivyohivyo, mke wangu akasema amemwona mtu, hakuona mguu. Uhuru ukaja, Azimio likaja, na yule dresa akapewa kazi ya kusimamia Makao ya Wazee, ukitoka Kisesa unashuka kuelekea ziwani. Akatuma watu: "Mwambieni yule mwenye mguu aje. Aliyelala mgongo muda mrefu anajua kulala mgongo kunavyouma."

Siku ya kwanza nilifika asubuhi, nimevaa shati la kuazima. Bwana Dresa, ndivyo tulivyomwita hata baada ya kuwa mkuu, hakunikaribisha kiti. Alinipa karai la maji akasema, "Yakoje?"

Nikatumbukiza vidole. "Ni ya vuguvugu, bwana."

"Vidole vyako ni vya mkulima, vinaweza kushika kaa la moto. Weka kiwiko." Nikaweka kiwiko, nikaruka. Akacheka. "Hicho kiwiko chako ndicho ngozi ya mzee. Usimwogeshe mtu maji ambayo kiwiko hakijayakubali."

Hiyo ndiyo shule yangu. Wakubwa waliokuja baadaye walikuwa na maneno yao, viwango, usalama, ubora. Bwana Dresa alikuwa navyo vyote kichwani na kwenye mikono. Vitanda vya Makaoni alivikata miguu kwa msumeno, ili mzee akianguka asianguke mbali. Sakafu ya bafuni ilikuwa ya saruji, nayo saruji ikilowa ni adui wa mzee kuliko nyoka, kwa hiyo tulitandika magunia ya katani na kila siku yalianikwa juani. Kutoka bwenini hadi chooni alifunga kamba ya katani kwenye nguzo, usawa wa kiuno, kwa ajili ya wale ambao macho yao yalikuwa yameingia ukungu. Kipofu anashika kamba yake anakwenda haja zake, haombi mtu. Nilipomwuliza kwa nini tusiwashike mkono tu, alisema, "Mtu akiomba kupelekwa chooni kila siku, mwisho ataacha kunywa maji. Ukimwona mzee hanywi maji, tafuta aibu iko wapi."

Lakini jambo alilolisimamia zaidi ni vidonda vya kulalia. Mzee asiyeweza kujigeuza akilala upande mmoja, nyama inayobanwa kati ya mfupa na godoro inakufa. Inaanzia kwenye visigino, kwenye nyonga, na pale juu ya makalio ambapo mfupa uko karibu. Vitabu, nasikia, vinasema utaona wekundu. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu mapema. Bwana Dresa alitufundisha mgongo wa mkono: pitisha taratibu, panapowaka joto kuliko pengine ndipo panapoanza kuharibika. Hapo mgeuze, na usimlaze upande huo mpaka joto liondoke. Na kabla ya kumvua nguo, mwamkie. Shikamoo kwanza, nguo baadaye.

Sasa nije kwa Mzee Shomari.

Wazee wetu walikuwa wa kila namna. Wengi ni watu waliokuja Mwanza kwa kazi, reli, pamba, migodi, kazi ikaisha na kwao kukawa mbali. Wengine walipotezana na watoto wao watu walipohamia vijijini. Na akina bibi wengine, kama Bibi Kabula, walikuja kwa sababu ya macho mekundu. Mnajua maneno ya watu, kwamba macho mekundu ni ya mchawi. Yale macho ni moshi wa kupikia, bibi amepuliza moto miaka yote kulisha watu haohao wanaomwogopa. Lakini nenda ukawaambie.

Shomari alikuwa Mzaramo, wa kule Pwani. Alikuwa mpishi kwenye meli za ziwani, akapika mpaka magoti yakakataa kushuka ngazi. Hakuwa na mke wala mtoto upande huu. Nilipoanza kazi alikuwa hakubali kuogeshwa na yeyote. Ukimsogelea anatupa bakuli. Bwana Dresa akanisukuma mbele, "Jaribu wewe."

Nikapiga goti. "Shikamoo babu."

Akanitazama muda. "Kabila gani wewe?"

"Msukuma, babu."

"Ala!" Uso wote ukafunguka. "Mtumwa wangu amefika! Siku zote nimekaa humu na uchafu wangu, kumbe nakungoja wewe. Umechelewa wapi, ulisimama kula viazi?"

Vijana wa siku hizi labda mnausikia utani wa makabila kwenye arusi tu. Sisi tulikuwa nao kazini, njiani, msibani. Msukuma na Mzaramo ni watani tangu enzi za mababu waliokwenda Pwani na mizigo kichwani. Mtani anaweza kukuambia neno ambalo ndugu yako akikuambia mtagawana nyumba. Na ukifa, mtani ndiye anayeshika kazi ambazo ndugu hawawezi kwa sababu wanalia. Basi nilipoona amenifungulia mlango nikaingia.

"Nilisimama kukuchimbia kaburi, we Mzaramo. Nikakuta limejaa ngoma, hakuna pa kukulaza."

Alicheka mpaka akakohoa. Akanyoosha mkono nimvue shati.

Tangu siku hiyo Shomari alikuwa wangu. Ukitaka kumgeuza: "Geuka, gogo la mnazi, nione kama upande wa pili umeiva." Anageuka, huku ananisema kwamba Msukuma akionyeshwa nazi anatafuta chuchu. Akikataa uji: "Acha, babu, njaa ikuue upesi, nimekwisha azima sahani za pilau ya matanga." Anashika kijiko. Ngozi yake ilikaa nzima miaka yote hiyo, na Bwana Dresa alikuwa akipitisha mgongo wa mkono pale juu ya makalio, anatikisa kichwa, anasema, "Mabula, endelea kumtukana."

Bwana Dresa akastaafu. Akaja Bwana Afisa, mtu mwema ila hakupenda harufu, alikaa zaidi mjini. Wakati wake ndipo nilipopelekwa ng'ambo, Sengerema, kujifunza zaidi kufunga vidonda. Nilivuka Kigongo nikakitazama kile chuma cha ubavuni, nikasimama mbali nacho. Niliporudi nikakuta ameajiriwa mhudumu mmoja, jina lake nitaliacha, ana watoto. Huyu alikuwa na mdomo. Alikuwa anawavuta wazee mkono huku anawaambia wao ni mzigo wa serikali, wanakula sembe ya taifa na hawazalishi. Bibi Kabula aliambiwa naye kwamba hata moto wa jehanamu utamtapika na macho yake yale. Bibi aliyekuwa anatuimbia akisuka ukili akaacha kuimba. Akaacha na kusema. Akawa anasuka tu.

Hapo ndipo alipokuja Mama Mkuu kushika nafasi ya Bwana Afisa. Mhaya, Mlutheri, nesi wa kusomea, mrefu, anavaa viatu vya kamba kama mwanamume. Siku ya kwanza alizunguka kila kitanda, akashika ile kamba ya katani, akafumba macho, akatembea nayo hadi chooni na kurudi. Nikasema moyoni, huyu ni wetu. Alipopata habari za yule mhudumu alimwita mbele yetu wote.

"Ulimwambia bibi huyu maneno haya?"

Yule bwana akacheka kidogo. "Mama, nilikuwa namtania tu. Sisi huku ni watani."

Akamfukuza kazi palepale. Kisha akatutangazia kiwango chake: mzee wa Makao haya haambiwi neno la kumvunjia heshima, kwa hasira wala kwa mchezo. Atakayesikika, kazi basi. Mimi nilipiga makofi kuliko wote. Ilikuwa sheria nzuri, na hata leo naitetea.

Sikufikiria kabisa kwamba inanihusu. Naye Mama, siku zile za mwanzo, alikuwa mjini karibu kila siku akitafuta sabuni na shuka, hakupata kunisikia.

Basi akaja Bwana Mkaguzi kutoka mkoani kutazama hali ya Makao. Mama Mkuu anamtembeza. Wakati huo sabuni ilikuwa haionekani dukani, tunaogesha watu kwa majani ya mpapai na majivu, lakini mabweni yalikuwa yanang'aa. Mimi niko bafuni na Shomari, nyuma ya ukuta wa makuti. Yeye meno hakuwa nayo, sauti yake ilikuwa ndogo, lazima uwe karibu ndipo umsikie. Yangu mnaijua, ni sauti ya mchunga ng'ombe.

"Inua kwapa, wewe maiti! Inua, wadudu wasije wakasema wameletewa uchafu!"

"Wadudu wa huku hawana neno," Shomari akajibu kwa kisauti chake, "wamezoea kula Wasukuma."

"Utakufa lini, babu? Mbona unatuchelewesha?"

"Nitakufa Jumamosi, siku ya mnada. Ukija kwenye pilau, umekosa mnada. Ukienda mnadani, umekosa pilau."

Nilipotoka na karai nikawakuta wamesimama, Mkaguzi kashika kofia yake kifuani kama yuko makaburini. Walikuwa wamesikia upande wangu peke yake. Mkaguzi akamwambia Mama Mkuu, "Na haya ndiyo mliyosema mmeyakomesha?"

Jioni Mama akaniita. Hakunigombeza. Aliniambia nikae.

"Ndugu Mabula, najua utani. Hata sisi kwetu tunao. Na najua huyo mzee unampenda."

"Sasa Mama, si mwulize mwenyewe…"

"Sikiliza kwanza. Yule niliyemfukuza alisema nini?"

Nikainama.

"Alisema ni utani. Neno hilohilo. Nikikuruhusu wewe, kesho nitamkatalia nani? Nitasimama na nini mbele ya Bibi Kabula?"

Alikuwa na haki. Hakunifukuza, alinihamishia bustanini, na Shomari akapewa Yohana, mhudumu mwenzetu kutoka Magu, mtu mpole sana, anaongea na kuku kwa adabu.

Kesho yake Yohana akaingia na karai. "Shikamoo babu. Naomba nikuogeshe, babu, kama itakupendeza."

Haya alinisimulia Yohana mwenyewe. Shomari alimtazama, akauliza, "Kwani daktari amesema nini?"

"Hajasema kitu, babu."

"Basi mbona unaongea na mimi hivyo? Mtumwa wangu yuko wapi?"

"Yuko bustanini."

"Mgonjwa?"

"Mzima. Amekatazwa maneno yale."

Shomari akageuka ukutani. Akasema, "Mtu akifika mahali watani wake wanamnyamazia, huyo ameshazikwa, amesahauliwa kufunikwa tu." Akakataa kuoga. Akakataa kugeuzwa. Uji akaunywa nusu, kesho robo.

Siku moja napita chini ya dirisha lake na jembe, nikasikia kile kisauti. "We Msukuma! Nasikia umepewa mchicha. Maskini mchicha, umemkosea nani?"

Mdomo wangu ulikuwa umejaa. Nilikuwa na jibu moja zuri, mpaka leo nalikumbuka, linahusu mashua na mkwe wake. Lakini Mama Mkuu alikuwa amesimama barazani, ameniona. Nikavua kofia.

"Shikamoo, babu."

Sijaona uso wa mtu ukizimika vile. Hakuitikia marahaba. Alivuta shuka.

Kidonda kilifunguka wiki ileile. Mama Mkuu alimshughulikia kwa mikono yake mwenyewe, maji ya chumvi yaliyochemshwa, pamba safi, dawa ya zambarau pembeni. Lakini kidonda cha kulalia hakiponi kwa dawa. Kinapona kwa mtu kuondoka juu yake, na Shomari akigeuzwa tu, wakitoka anajiviringisha kulala palepale. Mama akaniita nikione. Nikapitisha mgongo wa mkono pembeni, joto lilikuwa limeenda mbali kuliko kidonda chenyewe. Tulitazamana. Wote wawili tulijua kwamba kikifika mfupani, basi. Alitaka kumpeleka hospitali kubwa, Shomari akasema atakufa barabarani kwa makusudi.

Niwaambie nani aliyekuwa anaumia zaidi? Mama Mkuu. Viatu vyake vile nilivisikia vinakwenda na kurudi barazani, vinakwenda na kurudi.

Basi akaitisha baraza. Tulikuwa na desturi wazee kukaa uani na kusema yao, chumvi imezidi, godoro lina kunguni. Siku hiyo Mama hakukaa kwenye kiti, alikaa kwenye mkeka pamoja nao.

"Nimeweka sheria kwa ajili yenu," akasema, "na sheria hiyo inamwua mmoja wenu. Siwezi kuifuta, mnajua kwa nini. Lakini nisaidieni. Mtu akija kumwambia mzee neno baya, akasema ni utani, nitajuaje?"

Mzee mmoja akasema, "Kwa kabila, Mama. Kuna wanaotaniana na wasiotaniana."

"Yule naye alitaja kabila."

Mwingine akasema, "Kwa kicheko."

"Yule naye alicheka."

Kuku mmoja akapita katikati yetu, nakumbuka. Halafu kwenye kona ya mkeka, bila kuinua macho kwenye ukili wake, Bibi Kabula akasema:

"Yule hakuningoja."

Tuligeuka wote. Watu walikuwa wamesahau sauti yake.

"Alisema huku anaondoka," akasema. "Au amenishika mkono, siwezi kugeuka. Alisema, akapita. Huyu mwenye mguu akimtukana yule mzee wa nazi, husimama na karai lake kama mbwa anayengoja mfupa, mpaka ajibiwe. Na akijibiwa anashindwa, maana akili hana."

Watu walicheka, nami nilicheka, machozi yananitoka.

Mama Mkuu hakucheka. "Kwa hiyo bibi, na wewe ulikuwa na jibu?"

"Nilikuwa nalo. Ninalo mpaka leo."

"Ulikuwa unataka kumwambia nini?"

Bibi Kabula akakata ukili kwa meno. "Ni lake yeye, mwanangu. Si lako."

Mama akasimama, akajifuta sketi, akatoa kiwango ambacho tulikifuata mpaka mwisho wangu pale. "Mzee aanze, mzee amalize. Utani uanzwe na mzee mwenyewe, na neno la mwisho ni la mzee. Mhudumu akianza yeye, hilo ni tusi. Akiondoka kabla hajajibiwa, hilo ni tusi. Mabula, chukua karai."

Mkaguzi alipokuja tena, Mama alimweleza hivyohivyo. Alifikiri, akauliza, "Na mzee asiyeweza kusema?" Mama akamjibu, "Huyo hataniwi." Akakubali. Lilikuwa swali zuri, nalo tukaliingiza.

Lakini nimeruka. Nilichukua karai, kiwiko kikayakubali maji, nikaingia kwa Shomari. Naye amelala kaelekea ukutani. Ndipo nikaona ugumu wa ile sheria: lazima aanze yeye. Na mara ya mwisho aliponianza, mimi nilimwamkia kama mgeni.

Nikasimama. Hakugeuka. Nilisikia anajua nipo, mguu wangu unakokoteka, hakuna asiyeujua. Maji yakapoa. Nikatoka nikabadilisha, nikarudi, nikasimama tena. Yohana akachungulia, nikamfukuza kwa kichwa. Nyuma yake nikaona kiatu cha kamba, mlangoni, hakisogei. Nikasema moyoni, mzee huyu ataniacha hapa na karai mpaka aondoke kweli.

Maji yakapoa mara ya pili. Nilikuwa nageuka kwenda kuyabadilisha tena.

"Unangoja yawe barafu," ukuta ukasema, "ili unipe homa. Mchawi mkubwa wewe."

Nikageuka upesi, maji yakamwagika miguuni kwangu. "Mchawi gani anahangaika na mzoga? Geuka huku, gogo la mnazi, nione kama wamekuibia makalio."

Akageuka. Pole pole, kwa maumivu, lakini mwenyewe. "Makalio yangu yapo," akasema. "Akili yako ndiyo sijaiona tangu ulipoanza kuongea na mchicha." Nikafunga mdomo, maana neno la mwisho lilikuwa lake. Kule mlangoni viatu vilikwenda zao taratibu.

Kidonda kilichukua mvua nzima kujaa, kwa sababu nyama ya mzee inaota kama nyasi za kiangazi. Lakini kilijaa. Bibi Kabula akaanza kuimba tena, sauti imepasuka, hatukujali. Alianza hata kuniita mume wangu, kama bibi anavyomwita mjukuu, akidai nimemtelekeza kwa ajili ya Mzaramo.

Vijana, nikae hapa kidogo kabla sijamaliza, maana nikimaliza sitarudi nyuma. Sasa nimefikia umri wa wale niliowaogesha. Mjukuu wangu ananishika kiwiko nikitoka nje, ananiamkia vizuri, ananiuliza kama nimekula. Nashukuru. Lakini siku zinapita sijaambiwa neno lolote la kuniamsha. Mtamkuta mzee anayewatupia bakuli. Kabla ya kusema ni mkorofi, jiulizeni ni lini mtu alimngojea ajibu. Magunia ya bafuni yaanikwe, maji yapimwe kwa kiwiko, mgongo wa mkono upite kila siku. Hayo ndiyo usalama. Ila kusimama na karai nako ni kazi, msifikiri mmekaa bure.

Shomari alifariki miaka mingi baadaye, asubuhi, kifo cha kawaida cha uzee. Mimi nilikuwa nimekwisha kuambiwa kwamba muda wangu wa kustaafu umefika. Walikuja Waislamu wa Kisesa na sheikh wao kumwosha. Mimi si Mwislamu, nikasimama nje ya pazia nikisikiliza maji. Nilitaka kuuliza kama wamepima kwa kiwiko.

Walipomtoa nje akiwa katika jeneza, nikafanya kazi ya mtani. Nililala chini langoni, nikaunyoosha ule mguu uliopinda kuziba njia. "Huyu hapiti!" Watu wakacheka kwa kulia, sheikh akasimama, anajua mambo haya. Mama Mkuu alikuwa barazani, mvi zimemtoka sasa, hakunizuia.

"Alianza yeye," nikasema, "siku ya kwanza, akaniita mtumwa. Sasa nasema. We Mzaramo, uliahidi kufa Jumamosi, umekufa Jumanne! Hata kufa huwezi kupanga! Mnada nitauwahi na pilau nitaila, zote mbili, na gogo lako nitalipasua kuni. Unasemaje?"

Kisha nikanyamaza nikangoja, vile nilivyozoea kungoja.

Waliobeba walisimama. Upepo wa ziwani ukapita kwenye makuti ya bafu. Nikaendelea kungoja, na watu wakaacha kucheka, na bado nangoja.

Bibi Kabula, kwenye mkeka wa akina mama, akasema, "Mume wangu, ondoa mguu. Mwisho ni wake."

Nikaondoa mguu. Akapita.

Tulimzika nyuma ya bustani, karibu na mchicha wangu. Walipomaliza, wenzangu walirudi ndani kula pilau. Nilisikia Yohana ananiita. Nilijipangusa udongo, nikashika njia ya Kisesa, na pale sijarudi tena.